Seva ya shule imekataa nyumbani: anwani za mtandao na mkanganyiko wake

Likizo ikifika, si ajabu kumwona mwalimu wa ICT akibeba seva ya shule, kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, kwenda nayo nyumbani. Sababu zinaeleweka. Maabara inafungwa kwa kufuli, funguo anabaki nazo mtunza bohari, na kazi ya kuingiza akaunti za wanafunzi wapya haiwezi kusubiri kengele ya siku ya kwanza. Mashine inatua juu ya meza sebuleni, inachomekwa kwenye ruta ya nyumbani, kile kisanduku kinacholeta intaneti, inawashwa, na hapo vituko vinaanza. Pengine seva haionekani kabisa. Pengine, na hili ndilo linaloleta ugomvi ndani ya nyumba, seva inawaka vizuri lakini simu za watu wengine zinakosa intaneti moja baada ya nyingine.

Ushauri nao haukosekani. Huyu atakuambia IP, yaani anwani ya seva, imeharibika. Yule atasema Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, haipatani na ruta za laini, zile za kadi ya simu. Wa tatu atakutuma kwa kampuni ya simu ukanunue anwani ya kudumu, na wa nne, ambaye hakosi kamwe, atasema weka 8.8.8.8 na mambo yatanyooka. Anwani haiharibiki. Linux haina ugomvi na ruta yoyote. Anwani ya kununua haihusiani na tatizo hili hata kidogo, na 8.8.8.8, kama nitakavyoonyesha, ndiyo inayovunja kilichokuwa kizima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: seva ya shule usiibadilishe ifuate nyumba. Ibadilishe nyumba kidogo ifuate seva. Watu wengi hufanya kinyume, wanachokonoa anwani ya seva hadi ikubali sebuleni, kisha muhula unafunguliwa na shule nzima haiwezi kuingia.

Namba hizi ni za nini

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa ndani ya mtandao. Ile tuliyoizoea ina namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.20. Kosa la kwanza la watu ni kudhani kila anwani ya namna hii ni ya intaneti.

Chukulia gesti ya kawaida pale Arua. Ina chumba namba 5. Gesti ya pili yake nayo ina chumba namba 5, na ya Mbale hivyohivyo, wala hakuna anayegombana, kwa sababu namba hiyo ina maana ndani ya ukuta wa gesti ile peke yake. Anayefika anapewa ufunguo mapokezi. Anayetoka anapita mapokezi. Barua ya kutoka nje inaletwa kwa jina la gesti, na mpokezi ndiye anayejua ni ya chumba gani.

Ruta yako ya nyumbani ndiye mpokezi. Kwa nje ina anwani moja iliyopewa na kampuni ya intaneti. Kwa ndani inagawa namba za vyumba kwa simu, runinga na laptopu. Kazi ya kugawa namba hizo kwa kila anayefika inaitwa DHCP, na mgeni hapewi chumba milele, anapewa kwa muda, saa kadhaa au siku nzima, kisha anaomba tena. Ruta ikiwa katika kazi ya kupitisha wanaotoka huitwa lango.

Namba za vyumba hazikuokotwa tu. Mwaka 1996 wanaotunga kanuni za intaneti walitenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani: zote zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa na bila kulipa senti, na haziruhusiwi kutembea kwenye intaneti yenyewe. Ndiyo maana shule ya Gulu na shule ya Fort Portal zinaweza kuwa na seva yenye anwani ileile, 10.0.2.2, na kila moja ikaendelea na shughuli zake.

Ubahili huu una chanzo. Anwani za aina hii, ukizijumlisha zote duniani, ni takriban bilioni 4.3, pungufu ya idadi ya watu. AFRINIC, chombo chenye makao yake Mauritius kinachogawa anwani kwa Afrika, kiliingia hatua ya mwisho ya mgao mwezi Januari 2020. Lipo toleo jipya, IPv6, lenye anwani tele, lakini kwa meza ya sebuleni leo bado tunahangaika na hili la zamani, kwa hiyo naliacha.

Seva inakuja na anwani yake

Kompyuta ya kawaida uliyoiwekea Linux haijali sana inaitwa nani. Ipe 192.168.1.20 leo na 192.168.8.50 kesho, itafanya kazi. Seva iliyotengenezwa kwa ajili ya shule ni kitu kingine.

Mfano mzuri ni Debian Edu, aina ya Linux inayojulikana pia kama Skolelinux, mradi ulioanza Norwe mwaka 2001. Inaposakinishwa inakuja na shule nzima ndani yake: akaunti za wanafunzi na walimu, nywila, mahali pa kuhifadhi kazi zao, orodha ya majina ya mashine, na ugawaji wa anwani kwa maabara yote. Waliounda mfumo huu waliamua anwani mapema. Mtandao wa shule ni ule unaoanza na 10. Seva kuu, yenye jina tjener, inakaa kwenye 10.0.2.2. Lango linatarajiwa kuwa kwenye 10.0.0.1. Seva kuu inapaswa kuwa moja tu kwenye mtandao, na yeye ndiye mpokezi: yeye ndiye anayegawa vyumba.

Ukielewa sentensi hiyo ya mwisho, nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Anwani hiyo haijaandikwa mahali pamoja. Ipo kwenye orodha ya majina, ipo kwenye mipangilio ya DHCP, ipo kwenye ruhusa za nani anaweza kufungua mafaili kutoka wapi. Mtu anayefungua faili moja la mtandao na kuandika 192.168.1.20 badala ya 10.0.2.2 amehamisha mwenye nyumba, lakini huduma zilizobaki zinaendelea kuwaelekeza watu chumba cha zamani. Seva itajibu ukiiita kwa namba mpya, wewe utafurahi, kisha mwanafunzi ataandika jina lake na nywila yake na hataingia. Ndani ya Debian Edu kuna chombo kiitwacho subnet-change cha kumsaidia anayelazimika kuhama fungu zima la anwani. Kitumie siku ya usakinishaji, kabla ya kuingiza akaunti hata moja. Baada ya mwaka wa kazi, kikae hukohuko kilipo.

Kama yako si Debian Edu, ni Ubuntu tu, aina nyingine ya Linux, iliyowekewa programu za masomo kama Kolibri au Moodle, una nafasi zaidi ya kujitanua. Hata hivyo kumbuka karatasi iliyobandikwa ukutani maabara, iliyoandikwa kwa kalamu nene: fungua 10.0.2.2:8080. Wanafunzi wamekariri hiyo. Ukibadilisha anwani, umebadilisha na karatasi, na alamisho za kila simu na kompyuta.

Wapokezi wawili kwenye waya mmoja

Sasa turudi kwenye zile simu zilizokosa intaneti. Ruta ya nyumbani inagawa anwani. Seva ya shule inagawa anwani. Umeziunganisha kwa waya mmoja. Simu ya mtoto inaingia na kuuliza: nani atanipa chumba? Wote wawili wanajibu, na kwa kawaida simu inamchukua aliyewahi. Akiwahi ruta, simu inapata 192.168.1 na kadhalika, na intaneti ipo. Ikiwahi seva, simu inapata anwani inayoanza na 10 na kuambiwa lango liko 10.0.0.1. Nyumbani kwako hakuna kifaa chenye 10.0.0.1. Simu inaonyesha alama ya waifai imejaa, lakini haifungui chochote.

Kwa kuwa anwani hutolewa kwa muda, balaa halishuki kwa mkupuo. Simu iliyopewa chumba asubuhi inakaa nacho hadi muda wake uishe. Jioni simu moja inapatwa, ya pembeni yake bado nzima. Hapo ndipo watu wanaposema mtandao una mashetani. Hauna. Una wapokezi wawili.

Upande wa pili wa shilingi ni laptopu ya majaribio uliyokusudia ifanye kazi na seva. Ruta ikiwahi kuijibu, inapewa 192.168.1.30, na seva iko 10.0.2.2. Ziko kwenye waya mmoja lakini kila moja inaamini mwenzake anaishi mji mwingine, kwa hiyo inatuma ujumbe langoni badala ya mlango wa pili.

Kinachoziaminisha hivyo ni maski, ile namba kama 255.255.255.0 ambayo watu huiandika kwa mazoea bila kuitazama. Maski inaiambia mashine sehemu ipi ya anwani ni jina la mtandao na sehemu ipi ni namba ya chumba. Palipo na 255 ni jina, palipo na 0 ni chumba. Kwa 255.255.255.0, namba tatu za mwanzo ni jina na mtandao una vyumba 254 vya kukalika. Kwa 255.0.0.0, inayotumiwa na Debian Edu, ni ile 10 peke yake ndiyo jina, na vyumba ni zaidi ya milioni 16. Maandishi mafupi ya hizo mbili ni /24 na /8.

Hebu tazama kosa moja kwa karibu, maana linapoteza watu siku nzima. Mwalimu ameambiwa lango liwe 10.0.0.1. Anafungua ukurasa wa ruta, anaandika 10.0.0.1, na anaacha maski iliyokuwapo, 255.255.255.0. Seva yenye 10.0.2.2 na maski 255.0.0.0 inaitazama ruta na kusema: huyu ni jirani. Ruta inaitazama seva: jina la mtandao wangu ni 10.0.0, huyu wa 10.0.2 simjui, majibu yake yapelekwe nje. Ujumbe unakwenda, jibu halirudi. Kila namba aliyoiandika ni sahihi isipokuwa ile aliyoiacha. Dawa ni kuandika 255.0.0.0 kwenye ruta pia. Kuna ruta za nyumbani zinazokataa maski pana kiasi hicho. Ikikataa, jaribu 255.255.0.0, ambayo inatosha mradi mashine zako zote zina anwani zinazoanza na 10.0.

Nyumba ifuate seva

Njia ninayoipendekeza ni kutafuta ruta ndogo ya pili, hata kuukuu, isiyo ya laini, yenye tundu lililoandikwa WAN, yaani la upande wa nje. Waya kutoka tundu la kawaida la ruta ya nyumbani uingie kwenye WAN ya hii ndogo. Upande wa ndani wa ruta ndogo ndipo seva na laptopu ya majaribio zichomekwe. Umejenga ua wa shule ndani ya ua wa nyumba. Simu za familia zinabaki kwa mpokezi wao, seva inagawa anwani upande wake, na hawakutani.

Upande wa ndani, ruta ndogo ipewe 10.0.0.1 na maski tuliyokubaliana, na ugawaji wake wa anwani uzimwe. Mpangilio wa hatua una maana hapa. Ukizima ugawaji kwanza, laptopu unayotumia inaweza kupoteza anwani katikati ya kazi, na ukurasa wa ruta ukatoweka. Badilisha anwani ya ruta kwanza. Ukurasa utakatika, hilo ni la kawaida, kwa sababu ulikuwa unazungumza na namba ambayo haipo tena. Chomoa waya, uchomeke, ufungue 10.0.0.1, ndipo uzime ugawaji. Kuanzia hapo anayegawa ni seva, kwa hiyo iwashe kabla ya kulalamika kwamba laptopu haipati kitu. Laptopu ya Windows inapoonyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue imeuliza na hakuna aliyejibu, ikajipachika namba yenyewe.

Mtu atauliza: kwa nini nisibadilishe tu ruta ya nyumbani iwe 10.0.0.1, niokoe fedha ya ruta ya pili? Kwenye ruta ya waya inawezekana, ukikubali familia nzima iishi chini ya seva na ikose intaneti kila seva inapozimwa. Kwa sisi tunaotumia ruta za laini kuna mtego mwingine. Kampuni za simu mara nyingi hazikupi anwani ya umma kwa upande wa nje. Zinakupa nyingine ya ndani, ya kwao, na si mara chache huanza na 10. Sasa ruta yako ina 10 upande wa nje na 10 upande wa ndani, na maski ya 255.0.0.0 inasema zote ni mtandao mmoja. Nyingine zitakataa kuhifadhi mipangilio hiyo, nyingine zitaikubali kisha zichanganyikiwe. Ukiweka ruta ndogo katikati, upande wake wa nje unaona 192.168 ya nyumbani, na zile 10 mbili hazionani. Watu wengine hunyanyua pua wakisikia ruta mbili zimefuatana, eti ni mpangilio mbovu. Kwa kuvinjari, kupakua masasisho na kupima seva, hutaona tofauti.

Kuna hadhari kwa seva zenye kadi mbili za mtandao. Debian Edu ikiwekwa ili kuwasha kompyuta nyepesi zisizo na diski, kadi ya pili hutumia mtandao wa 192.168.0. Ruta nyingi za nyumbani nazo hutumia 192.168.0 au 192.168.1. Kadi hiyo ya pili isiguse ruta ya nyumbani kabisa. Ni ya swichi ya maabara, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa waya, basi. Bandika kipande cha utepe juu ya tundu lake kabla hujaondoka shuleni.

Kwenye seva yenyewe

Seva lazima iwe na anwani isiyobadilika, iliyoandikwa ndani yake. Sababu ya vitabuni ni kwamba watu wanahitaji kujua pa kuipata. Sababu ya hapa kwetu ni umeme. Ukikatika na kurudi, vifaa vyote vinaamka pamoja, na hakuna uhakika nani atawahi. Seva inayosubiri kupewa anwani na ruta ambayo bado inapiga miayo inaweza kumaliza kuwaka bila anwani, na huduma zake zikalala. Iliyoandikiwa yake haimsubiri mtu.

Kwenye Debian, maandishi hayo hukaa katika faili /etc/network/interfaces, na huonekana hivi:

auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
    address 10.0.2.2
    netmask 255.0.0.0
    gateway 10.0.0.1

Neno la kuangaliwa ni enp3s0. Hilo ni jina la kadi ya mtandao, na mara nyingi linatokana na mahali kadi ilipochomekwa ndani ya mashine. Walimu wengine hawabebi seva nzima. Wanachomoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine nyumbani. Huko kadi inaweza kuitwa enp2s0 au eno1, na faili inaendelea kutoa maagizo kwa kadi isiyokuwapo. Hakuna kelele, hakuna onyo kubwa, ni kimya tu. Andika ip addr kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, soma jina lililopo, ulinganishe na la kwenye faili. Ukilibadilisha, kumbuka kulirudisha diski ikirejea shuleni.

Ubuntu ya seva hutumia Netplan badala yake, faili ambamo nafasi za mwanzo wa mstari zina maana: tumia kitufe cha nafasi, si cha Tab. Uzuri wake ni amri ya netplan try, inayoweka mabadiliko kwa majaribio na kuyarudisha yenyewe baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Iwe Debian au Ubuntu, badilisha anwani ukiwa umekaa mbele ya mashine yenye kiwambo na kibodi. Ukifanya kwa mbali, umekata tawi ulilokalia.

Sasa hiyo 8.8.8.8. Ni anwani ya huduma ya majina ya Google, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009. Kazi yake ni kugeuza jina la tovuti kuwa namba, kazi inayoitwa DNS. Inajua majina ya dunia nzima. Haijui tjener, kwa sababu tjener ni jina la ndani ya ua wako. Laptopu ya mwanafunzi ikiwekewa 8.8.8.8, inafungua Google vizuri kabisa na kushindwa kuingia kwenye akaunti ya shule, na mwalimu anatupia lawama nywila. Mashine za wanafunzi ziulize majina kwa 10.0.2.2. Seva ikiulizwa jina la nje isilolijua, yenyewe itakwenda kuuliza huko nje na kuleta jibu.

Namba hiyo ina manufaa mahali pamoja: kupima. Ukiwa kwenye seva, piga ping 10.0.0.1, amri ya kukiita kifaa uone kama kinajibu. Isipojibu, tatizo liko kati ya seva na ruta, yaani waya, jina la kadi au maski, na huna sababu ya kuwapigia kampuni ya simu. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8. Isipojibu hiyo, tatizo liko ng'ambo ya ruta, labda waya wa WAN, labda bando limekwisha, jambo linalotokea kuliko watu wanavyokubali. Zote zikijibu na tovuti bado hazifunguki, ni majina. Ukifuata njia hiyo toka karibu kwenda mbali hutahitaji kusakinisha upya, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya fundi mwenye haraka.

Na wanafunzi wakiwa kwao?

Swali hili halijaisha tangu shule zetu za Uganda zilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Wazazi na walimu waliona thamani ya kuwa na masomo yanayofikika kutoka nyumbani, na tangu hapo kila mwenye seva anauliza: nikiiwekea anwani isiyobadilika, mwanafunzi wa Kitgum ataifungua?

Hataifungua. Anwani isiyobadilika uliyoandika ni namba ya chumba isiyobadilika. Ili mtu wa nje afike, unahitaji anwani ya umma kwenye lango, kisha uiambie ruta, na kama ziko mbili basi zote mbili, zielekeze wageni wa aina fulani kwenye seva. Kujua kama unayo ni rahisi. Fungua ukurasa wa hali wa ruta ya laini, soma anwani ya WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikifanana, ni ya umma. Zikitofautiana, umewekwa nyuma ya ukuta wa kampuni pamoja na wateja wengine wengi. Ukiona WAN inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kampuni, huna haja hata ya kulinganisha.

Nyuma ya ukuta huo, hakuna unachoweza kubofya kwenye ruta kitakachowaingiza watu. Njia inayofanya kazi ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha seva ya shule iipigie yenyewe kwa njia iliyofungwa kama WireGuard, na wanafunzi wapitie huko. Inataka uangalifu: seva yenye majina ya watoto na nywila za namba nne haifai kuachwa wazi kwa dunia, na mimi nisingefanya hivyo kutoka sebuleni kwa bando la familia.

Shule nayo ina njia ambazo nyumba haina. RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, huunganisha vyuo vikuu, taasisi za utafiti na pia shule, na swali la anwani ya umma ni bora liulizwe huko, au kwa kampuni nyingine yoyote inayoileta intaneti shuleni, kabla mkataba haujatiwa saini. Liulizwe hivi: je, anwani ya WAN tutakayopewa ni ya umma, na itabaki ileile ruta ikizimwa na kuwashwa? Anayeuza akijibu kwamba kasi ni kubwa sana, rudia swali.